Waipa za gari dogo: za fremu au za bapa, na urefu gani?

Mwendo_Pole

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kuchagua waipa za kioo cha mbele kwa gari dogo la milango mitano, injini ya cc 1300. Mbele lina waipa mbili, ya dereva ndefu na ya abiria fupi, zote za fremu ya chuma.

Dalili ni hizi. Ya dereva inaacha utepe wa maji wa upana wa vidole viwili katikati ya kioo, palepale macho yanapotazama barabara. Ikipanda inateleza kimya, ikishuka inarukaruka na kunguruma. Ya abiria inafuta vizuri ila inaacha mstari mmoja mwembamba kama uzi, kila mara mahali palepale.

Dukani kuna za fremu, za bapa zisizo na fremu, na za mseto. Boksi moja limeandikwa inchi, jingine milimita, na zilizopo kwenye gari maandishi yamefutika. Kuna za mpira wa kawaida na kuna za silikoni. Halafu kuna raba tupu bila fremu. Aina ipi inafaa gari dogo? Nikiongeza urefu wa ile ya dereva nitaona eneo kubwa zaidi? Silikoni ina faida ya kweli? Na kama fremu ni nzima, raba tupu inatosha?

Spana_13

Karibu mkuu. Usinunue kwanza. Dalili tatu ulizotaja zina vyanzo vitatu, na kwa uhakika bledi mpya (kile kipande chenye raba kinachofungwa kwenye mkono wa waipa) inaponya kimoja tu. Viwili vingine huenda viko kwenye mkono wa waipa, na bledi mpya ikifungwa kwenye mkono mbovu itafanya yaleyale ndani ya wiki chache, halafu utailaumu bledi bure.

Anza na ya abiria, ndiyo rahisi. Mstari kama uzi usiohama maana yake ulimi wa raba umechanika mahali fulani au umebana chembe ya mchanga. Inua mkono, shika raba, pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo kutoka mwisho hadi mwisho. Ukingo mzima una pembe kali mbili, unausikia kama ukingo wa kadi mpya. Uliochoka umeviringika, na penye mchaniko ukucha unakwama. Futa kwa kitambaa chenye maji, ujaribu tena. Mstari ukitoweka ulikuwa mchanga. Ukibaki, raba imekwisha, hakuna dawa nyingine.

Sasa ya dereva. Ukiukata mpira wa waipa kwa wembe na kuutazama ulipokatwa, utaona mgongo mnene unaoshikwa na fremu, chini yake shingo nyembamba sana, halafu kichwa chenye ulimi. Shingo hiyo ndiyo bawaba. Mkono ukipanda, ulimi unalala kwa nyuma na kuburutwa. Mkono ukigeuza kushuka, shingo inapinda na ulimi unalalia upande wa pili, unaburutwa tena. Ulimi unaoburutwa unateleza. Ulimi uliokataa kugeuka unasukumwa mbele kama jembe: unakwama kwenye kioo, unaruka, unakwama tena, na hiyo ndiyo ngurumo unayoisikia.

Kwa hiyo kelele ya upande mmoja tu ina sababu mbili. Ama raba imekauka ikiwa imelala upande mmoja, kwa jua na kwa kuegeshwa muda mrefu, ama mkono wenyewe umejipinda kidogo na bledi haisimami wima juu ya kioo. Namna ya kutofautisha: lowesha kioo, washa waipa, zima swichi ya ufunguo mikono ikiwa katikati ya kioo ili ibaki hapohapo. Chuchumaa pembeni utazame bledi kwa urefu wake, kuanzia nchani. Mgongo wa bledi unatakiwa kusimama kwenye kioo kwa nyuzi 90. Ukiona umeinama, mkono umejipinda.

Kuunyoosha: toa bledi, weka taulo iliyokunjwa kwenye kioo, shika mkono kwa spana mbili za kurekebisha zilizofungwa kitambaa, moja sentimita chache kutoka nchani na nyingine juu yake kidogo. Ile ya chini ishikilie tu, ya juu ndiyo izungushe. Kidogo, pima, kidogo tena. Usinyooshe mkono ukiwa umebanwa kwenye kioo, wala usizungushe kwa kutegemea mhimili wa chini, utaharibu bawaba na meno yake.

Utepe mpana katikati ni jambo jingine. Kwenye fremu ya chuma, nguvu ya mkono inaingia katikati na kugawanywa na matawi hadi kwenye makucha madogo yanayoshika raba. Kiungo kimoja kikiganda kwa kutu au vumbi, sehemu hiyo ya raba inabaki hewani. Toa bledi uichezeshe mkononi: kila kiungo kijongee bila kusitasita. Kama viungo vyote viko huru, shaka inahamia kwenye springi ya mkono. Funga uzi pale bledi inaposhikana na mkono, ning'iniza mizani ya ndoano, vuta moja kwa moja kutoka kwenye kioo mpaka bledi ianze kuachia. Kwa makadirio unatafuta gramu 15 kwa kila sentimita ya urefu wa bledi, yaani kwenye bledi ya sentimita 50 kama gramu 750. Ukipata 400, hakuna bledi duniani itakayofuta vizuri hapo. Mara nyingi springi yenyewe ni nzima ila bawaba ya mkono imekauka. Tia tone moja la oili kwenye pini yake, inua na shusha mkono mara 20, futa ziada yote kabla haijatiririka kwenye kioo, upime upya.

Rula_ya_Chuma

Nakazia alichosema Spana_13, halafu nijibu la saizi.

Pima bledi yenyewe, ncha hadi ncha, kwa rula iliyonyooka au futi ya fundi, usifuate mpindo. Pima zote mbili, kwa sababu kwenye magari madogo tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko unavyodhani. Honda Fit ya kizazi cha 2 iliyouzwa Marekani ina inchi 28 upande wa dereva na inchi 14 upande wa abiria, yaani moja ni mara mbili ya nyingine. Na yapo madogo yenye waipa moja tu mbele, kama Toyota Aygo ya kwanza na ndugu zake Peugeot 107 na Citroën C1. Kununua jozi ya saizi moja kwa sababu imefungwa pamoja ni kosa la kawaida mno.

Inchi moja ni milimita 25.4, lakini watengenezaji wanakata tarakimu, ndiyo maana maboksi yanakuchanganya. Zichukulie hivi: 350 ni inchi 14, 400 ni 16, 450 ni 18, 475 ni 19, 500 ni 20, 525 au 530 zote ni 21, 550 ni 22, 600 ni 24, 650 ni 26. Tofauti ya milimita 5 kati ya boksi na rula yako isikunyime usingizi. Lakini kumbuka kwamba mtu aliyefunga zilizopo anaweza kuwa alikosea, kwa hiyo linganisha na kitabu cha gari au orodha ya mtengenezaji wa bledi kwa modeli na mwaka wa gari lako.

Kuongeza urefu: usifanye bila kupima, na hata ukipima faida ni ndogo. Springi ya mkono haijui kwamba umebadilisha bledi. Gramu 750 zilizokuwa zinagawanywa kwenye sentimita 50 ni 15 kwa kila sentimita. Weka bledi ya 55, zinakuwa chini ya 14. Umeongeza eneo kwa ncha huku ukipunguza mkandamizo kila mahali. Halafu ncha ya nje kwenye gari dogo inaishia karibu sana na nguzo ya pembeni, pale kioo kinapojikunja zaidi, kwa hiyo sentimita ulizoongeza ndizo zitakazoelea. Na ncha inaweza kugonga fremu ya kioo au kugongana na bledi ya abiria. Kumbuka pia kwamba mkono unatembea mbali kidogo zaidi kwenye kasi ya juu na kioo kikiwa na maji mengi, kwa hiyo bledi inayopita salama kwenye kasi ya chini inaweza kugonga kwenye kasi ya juu.

Kama unataka kujua nafasi iliyopo, bandika utepe wa karatasi kwenye kioo mwisho wa safari ya ncha, lowesha kioo vizuri, endesha kwa kasi ya juu dakika moja. Nafasi kati ya alama na fremu ya kioo ikiwa chini ya sentimita 3, achana na wazo hilo kabisa.

Kupunguza ndilo jambo linalovumilika: inchi moja chini ya saizi, kama ya sawasawa haipatikani, haina madhara zaidi ya kupoteza ukanda mwembamba pembeni.

Sasa kitu ambacho wengi hukisahau hadi wamefungua boksi: kishikio cha mkono. Umesema za fremu, basi karibu hakika mkono wako una ndoano, chuma bapa kilichokunjwa kama herufi U. Ndoano hizo zina vipimo viwili vikubwa, upana milimita 9 na unene milimita 3, au upana 9 na unene 4. Pima unene wa chuma chenyewe kwa kalipa, au kwa rula kama macho yako ni makali. Adapta nyingi za plastiki, yaani kile kipande kinachounganisha bledi na ndoano, zina upande wa 9x3 na upande wa 9x4, unaigeuza tu. Ukifunga ya 9x4 kwenye ndoano ya 9x3 itaingia bila tabu, itachezacheza, na siku ya mvua kubwa bledi itachomoka na kuacha chuma tupu kikikwangua kioo. Ikikaa sawa unasikia mlio mmoja mkavu wa klipu, kisha ukivuta bledi kuelekea chini haisogei hata kidogo.

Mikono ya magari mapya zaidi ina vishikio vya kitufe, vya pini ya ubavuni, vya kubana pande mbili. Hivyo kila kimoja kina adapta yake, na adapta "inayofaa kila gari" mara nyingi inakaa juujuu.

Kioo_Cheupe

Aina ipi. Hapa watu hupenda kusema bapa ni bora kwa sababu ni mpya na inapendeza. Kwa gari dogo jibu linategemea mpindo wa kioo chako kuliko kitu kingine chochote.

Bledi ya fremu inafuata kioo kwa makucha yake. Ya kawaida ina sehemu 6 au 8 za kukandamiza, kila tawi likijipinda peke yake, kwa hiyo kioo kikijikunja ghafla pembeni fremu inajipinda nacho. Udhaifu wake ni viungo hivyohivyo. Vinakusanya tope na kutu, na upepo wa barabara kuu unaingia chini ya fremu na kuinyanyua. Fremu zenye matundu au zenye bawa dogo la plastiki kwa dereva zinapunguza tatizo hilo.

Bledi bapa haina viungo. Ndani ya mgongo wake kuna chuma cha springi kilichopindwa kiwandani, na mkono unapokibana kwenye kioo kinanyooka huku kikijaribu kurudi kwenye mpindo wake, ndipo raba yote inakandamizwa. Ni chini, haishikwi na upepo, haijazi tope. Lakini mpindo wake ni mmoja tu, uliochaguliwa kiwandani. Ikitengenezwa kwa gari lako, inafuta kuliko fremu yoyote. Ikiwa ni ya jumla, mpindo wake ni wa wastani, na kioo cha gari dogo mara nyingi si cha wastani. Bledi ya jumla isiyo na mpindo wa kutosha huacha ncha hewani. Yenye mpindo uliozidi huacha katikati hewani, utepe uleule unaokukera sasa.

Jaribio la kufanya kabla ya kuifunga: ilaze kwenye kioo kikavu mahali inapofanyia kazi, bila kuisugua. Ncha mbili ziguse kwanza, katikati kukiwa na mwanga chini yake. Bonyeza kwa kidole kimoja kwenye adapta: mwanga uzibe wote kwa nguvu ndogo. Halafu isogeze hadi karibu na nguzo ya pembeni urudie. Hapo ndipo bledi mbaya zinapojionyesha, ncha ya juu inabaki imeinuka hata ukibonyeza. Ukiona hivyo, rudisha boksi.

Za mseto ni fremu iliyofunikwa ganda la plastiki. Zinafuata mpindo kama fremu na zinapitisha upepo kama bapa. Ubaya wake, ganda linaficha viungo, huwezi kuvisafisha wala kuviona vinapoganda, na nyingi hazikubali kubadilishwa raba.

Nyingine kuhusu bapa: baadhi zina bawa la upepo lisilofanana pande mbili, na limepangwa kwa gari la usukani wa upande fulani. Bawa linatakiwa kuinama kiasi kwamba upepo unaopanda juu ya boneti unaisukuma bledi kwenye kioo. Ikifungwa kinyume, upepo unaisaidia kuinuka. Angalia mchoro wa boksi unaonyesha usukani upande gani.

Nisisitize kitu kimoja ambacho hakijatajwa bado. Kioo chenyewe. Umande wa mafuta ya barabarani, nta ya sabuni ya kuoshea gari, utomvu wa miti, chumvi ya maji magumu, vyote vinakaa kwenye kioo na hakuna raba inayoviondoa. Osha kwa sabuni, suuza, halafu mwaga maji safi usimame utazame. Maji yakitandaa kama shuka, kioo ni safi. Yakijikusanya matone au kuacha visiwa, kuna mafuta. Futa kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, ukibadilisha upande wa kitambaa kila mara, kwa sababu kitambaa kilichoshiba mafuta kinayahamisha tu. Madoa meupe ya maji magumu yanataka siki nyeupe: lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika 5, suuza kabla hakijakauka. Kwa yaliyogoma kabisa kuna unga wa seriamu oksaidi unaochanganywa na maji na kusuguliwa kwa pedi. Unasafisha kioo bila kukikwaruza, mradi pedi iwe na unyevu muda wote na usikae sehemu moja.

Petroli, mafuta ya taa na dizeli zikae mbali na raba. Zinaivimbisha na kuilainisha, na ukingo wake hauwi mkali tena.

Mwendo_Pole

Asanteni sana wakuu, nimepima. Ya dereva sentimita 53, ya abiria 35. Ndoano ni 9x3. Mizani imetoa gramu 780 kwa ya dereva, kwa hiyo springi iko sawa. Bledi ya dereva imeinama kuelekea chini, na kiungo cha pili cha fremu yake hakichezi kabisa. Fremu ya abiria viungo vyote viko huru na ukucha ulikwama sehemu moja tu kwenye raba. Je, ya abiria nibadilishe raba tupu? Hatua zake zikoje?

Spana_13

Gramu 780 kwa sentimita 53 ni nzuri. Basi ya dereva: nyoosha mkono, fremu itupe, nunua bledi kamili ya milimita 525 au 530. Ya abiria: raba tupu inatosha, na ukichagua raba nzuri utapata kazi ileile ya bledi mpya kwa sababu kinachogusa kioo ni raba, si fremu.

Kwanza pima upana wa mgongo wa raba ya zamani, pale unapoingia kwenye makucha. Saizi utakazokutana nazo zaidi ni milimita 6 na milimita 8, na haziingiliani. Ya 6 kwenye makucha ya 8 inatoka, ya 8 kwenye makucha ya 6 haiingii. Urefu ukizidi si tatizo, utakata.

Toa bledi kwenye mkono, laza mkono juu ya taulo. Taulo hilo si mapambo: mkono mtupu ukijifyatua, ndoano inapiga kioo kwa ncha moja ya chuma, na kioo kinapasuka. Weka alama ya penseli kwenye fremu upande ulio karibu na bawaba ya mkono.

Tazama ncha mbili za raba. Moja ina uvimbe au kikomo, makucha ya mwisho yamekaa kwenye mkato wake. Huo ndio upande wenye kufuli. Bana raba hapo kwa vidole, au kwa koleo kwa upole, ivute mpaka uvimbe uruke makucha, kisha iteleze yote nje. Ndani yake kuna vyuma viwili vyembamba, kimoja kila ubavu. Kabla hujavitoa, kumbuka mambo mawili: mpindo wao unaelekea wapi, na mikato midogo mwishoni mwao inatazama ndani au nje. Vyote viwili lazima virudi vilevile. Chuma kilichogeuzwa mpindo kinainua katikati ya raba, na kisicho na mkato wake mahali pake kinateleza nje taratibu gari likitembea.

Raba mpya nyingine huja na vyuma vyake, nyingine hazina, unahamisha vya zamani. Ukivihamisha, vipanguse kutu kwanza.

Ingiza raba mpya kwa upande usio na kufuli, ikipita kucha moja hadi nyingine. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Ni rahisi mno kuruka kucha moja, hasa ya katikati, kwa sababu raba inapita pembeni yake bila kuonyesha ukinzani. Geuza bledi uhesabu makucha yote, kila moja likiwa limekumbatia raba pande zote mbili. Kucha lililorukwa linaning'inia na kukwangua kioo, na mkwaruzo huo ni nusu duara isiyofutika, utauona kila usiku taa za gari la mbele zikikupiga. Mwisho vuta mpaka makucha ya mwisho yaingie kwenye mkato na kufunga. Ikibaki ndefu, kata kwa mkasi mkali upande usio na kufuli, sawa na mwisho wa vyuma.

Rula_ya_Chuma

Swali la silikoni limebaki. Silikoni inavumilia jua na joto kuliko mpira wa kawaida, haikauki upesi, na inaacha utando mwembamba kwenye kioo unaofanya maji yakimbie kama matone. Inadumu zaidi, hilo ni kweli. Lakini inadai kioo kisafi kabisa siku ya kwanza. Ikifungwa juu ya kioo chenye nta, au chenye dawa nyingine ya kufukuza maji, inatetemeka, na watu huirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Gari linalokaa juani kutwa, mwenye kusafisha kioo kama alivyoeleza Kioo_Cheupe: silikoni.

Kioo_Cheupe

Hapo natofautiana nawe kidogo. Kudumu kwa silikoni kunahusu jua, hakuhusu mchanga. Barabara ya vumbi inachana ulimi wa silikoni sawasawa na ulimi wa mpira, na mchaniko mmoja mbele ya macho umemaliza bledi hata ikiwa na umri wa mwezi. Kwa gari linalotembea kwenye vumbi ningechukua raba ya kawaida yenye unga wa grafaiti kwenye ukingo, ule weusi unaobaki kwenye vidole, kisha nibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Grafaiti inapunguza msuguano ulimi unapogeuka, kwa hiyo inasaidia hasa kwenye ngurumo. Msiufute weusi huo kwa spiriti mkidhani ni uchafu, ndio uteleziaji wenyewe.

Na mkuu usichanganye, silikoni upande mmoja na grafaiti upande mwingine. Kwenye eneo ambalo bledi mbili zinapishana, moja inaweka utando na nyingine inaukokota, na hapo utaona ukungu.

Rula_ya_Chuma

Kwenye vumbi nakubali. Mchanga hauchagui.

Mwendo_Pole

Njia zangu nyingi ni za vumbi, nimeamua: ya dereva ya fremu 525 yenye bawa, raba ya grafaiti, ndoano 9x3. Ya abiria raba tupu ya mgongo wa milimita 6, grafaiti pia. Jambo la mwisho, kuna la kuangalia siku ya kwanza?

Spana_13

Toa kwanza ule ufito wa plastiki unaolinda ukingo wa raba, mara nyingi ni wa rangi au wa kung'aa kidogo. Wapo wanaousahau, kisha wanashangaa kioo hakifutiki. Usijaribu waipa kwenye kioo kikavu hata mara moja, raba mpya ina ukingo mkali na kioo kikavu chenye vumbi kinaumaliza kwa mizunguko michache. Rusha maji kwanza, halafu washa kasi ya chini, kisha ya juu, ukitazama ncha ya nje na mahali bledi mbili zinapopishana. Kwenye chupa ya maji ya kioo usitie sabuni ya vyombo, povu lake linakauka na kuwa utando, weka maji ya maalumu ya kioo au maji safi tu.

Halafu zima mikono ikiwa katikati kama mwanzo, chuchumaa tena utazame ile ya dereva. Ikisimama nyuzi 90 na utepe bado upo, geuza bledi uhesabu makucha upya.